Unga wa Kitanda cha Bibi

Jana nililamba unga uliodondoka chini ya dawati, mbele ya darasa zima, kipindi cha baiolojia.

Sikupanga. Kalamu ilianguka, nikainama kuiokota, na pale sakafuni, kwenye mguu wa dawati, nikakiona kichuguu kidogo cha unga wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Laini kuliko sembe. Kidole kikaenda chenyewe, kikarudi mdomoni chenyewe. Mwalimu akaacha kuandika ubaoni.

"Zaituni, kwenu leo hamjala?"

Darasa likapasuka. Mimi ndiye mchekeshaji wa kidato chetu, kwa hiyo walidhani ni sehemu ya maonyesho. Nikasimama, nikapiga saluti. "Dawati hili ni mti wa mtundu, mwalimu. Waliotuuzia walisema mninga." Wakacheka mpaka wengine wakapiga meza, na mwalimu akaniambia nitoke nje nikasome na miti wenzangu.

Nilitoka, lakini nje sikucheka. Nilikaa kwenye ngazi, ulimi mkavu, na masikioni nikaanza kusikia ile sauti, krrr, krrr, kama panya anayetafuna kwa adabu. Sikuwa tena msichana wa sekondari mwenye mdomo. Nilikuwa mtoto asiye na meno ya mbele, chumbani kwa Bibi, mtaa wa Ng'ambo, Tabora, mchana wa jua kali, na kitanda kilikuwa kinakula.

Ngoja nianze vizuri, maana nyie wenzangu mliokulia kwenye vitanda vya vyuma hamtanielewa.

Baba yangu ni fundi seremala, mtoto wa fundi seremala, na utoto wangu wote niliamini kwamba binadamu yeyote huamka asubuhi akiwa na maranda kwenye nywele. Karakana ilikuwa mbele ya nyumba, sisi tuliishi nyuma yake. Wateja walitoka mtaa wa Kanyenye, wenye maduka, wenye mabinti wa kuozesha, wakaja kuagiza makabati na vitanda vya bibi harusi. Hawakuja kununua kilichopo, walikuja kuchagua. Baba aliwafunulia vipande vya mbao kama muuza vitenge anavyofunua doti: huu mninga, huu mkurungu, huu mkora, ambao ukiupiga msumari bila kuutoboa kwanza, unaopinda ni msumari. Na kwa waliotaka uzuri wa juu tu alifungua vinia, yale maganda ya mbao membamba kama karatasi ya manila, yanayobandikwa kwa gundi juu ya mbao duni, nayo ikatoka imevaa suti.

Nilizipenda vinia na niliziogopa. Vipande viwili vilivyokatwa gogo moja, kimoja juu ya kingine, ukivifungua kama kitabu mistari yake inatazamana. Wateja waliona maua. "Ona lilivyochanua!" walisema. Mimi niliona nyuso. Vifundo viwili vya mti ni macho, mistari inayoshuka ni mashavu ya mtu aliyefunga muda mrefu. Kuna makabati yalitoka kwetu kwenda kwa maharusi nikawa nawaonea huruma.

Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa na kitanda alichotengenezewa na Babu wakati wa kumwoa. Mninga mtupu, matendegu yamechongwa kama mitungi midogo iliyopandana, na mchagoni, upande wa kichwa, Babu alichora majani. Babu simjui, alitangulia kabla sijazaliwa. Kitanda ndicho nilichokijua. Halafu muda kidogo kabla ya hii habari, mfumbati mmoja, ile mbao ndefu ya ubavuni inayobeba uzito wa mtu, ulipasuka. Baba akauondoa, akaweka mwingine, akaubandika vinia ili ufanane na wenzake. Ukapendeza kuliko wa zamani.

Kwenye vinia ile kulikuwa na uso.

Mimi nilikuwa nalala chumba kimoja na Bibi, godoro langu sakafuni, kwa hiyo uso ule na mimi tulikuwa usawa mmoja. Nilimwambia Bibi. Bibi hakunicheka wala hakunifukuza. Alining'inia kichwa chini kutoka kitandani, akautazama na yeye, akasema, "Mayo! Huyu anafanana na mama mkwe wangu. Mgeuzie mgongo, mke mwenzangu, asijue tunamsema."

Mke mwenzangu ndilo jina aliloniita. Mjukuu wa kike kwetu anataniwa hivyo, anaambiwa amekuja kumnyang'anya bibi mume, na kwa kuwa mume mwenyewe alishakufa, Bibi alisema mimi ni mwizi niliyefika sokoni wameshafunga. Mdomo huu wangu unaonitoa darasani nimeurithi kwake. Mali nyingine hakuacha.

Bibi alianza kupungua baada ya mvua za mwisho. Kwanza bangili zikawa zinamvuka mkono anapotawadha. Halafu kanga ikawa inamzunguka mara nyingi kuliko zamani. Watu wazima walisema "tumbo," wakishusha sauti, kama vile tumbo liko chumba cha pili linawasikiliza. Alikwenda hospitali akarudi, akaenda tena, akarudi, kisha hakupelekwa tena, na hilo nililiona ni habari njema. Nilidhani mtu asipopelekwa hospitali ni mzima.

Ndipo nikauona unga.

Ilikuwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo Ng'ambo nzima hunyamaza na hata msumeno wa Baba hulala. Nilikuwa nimejilaza. Kwenye sakafu, chini ya ule mfumbati, kulikuwa na kichuguu. Nilikipuliza, kikatawanyika. Kesho yake kipo. Nikafagia. Kesho yake vipo viwili. Na katika kule kunyamaza nikaanza kusikia, ndani ya mbao, krrr, krrr, ikisimama mtu akikohoa, ikiendelea akitulia. Nikautazama uso. Ulikuwa na tundu kwenye jicho moja, dogo la ncha ya sindano, jeusi, na kutoka kwenye tundu lile unga ulikuwa unatiririka taratibu kama uso ule unalia mchanga.

Baada ya siku kadhaa na jicho la pili likatoboka.

Sasa fikirini na akili ya mtoto. Juu ya kitanda mtu anapungua. Chini ya kitanda unga unaongezeka. Katikati kuna kitu kinasaga. Mtaani kwetu kulikuwa na mashine ya kukoboa na kusaga mahindi, nilikuwa natumwa huko, najua inavyokwenda: unamimina juu, unakinga chini. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Kitanda kilikuwa kinamsaga Bibi yangu.

Sikumwambia mtu. Nilihisi watu wazima wanajua. Mama alikuwa akifagia ule unga asubuhi bila kusema neno, anaumwaga nje kwenye maua, na mimi nilimtazama nikashangaa: huyu mwanamke anawezaje kumwagilia maua mama mkwe wake?

Kuna mtu mmoja aliyemtembelea Bibi kila Ijumaa akitoka msikitini. Mzee Mwinjuma, Mzaramo, muuza mbao wa ng'ambo ya barabara yetu. Mababu zake walifika Tabora na misafara, wamebeba mizigo kutoka pwani, wakala asali ya hapa wakasahau njia ya kurudi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi hizo za kupishana njiani, na mtani haleti pole. Mzee Mwinjuma alikuwa akisimama mlangoni, kofia mkononi, anasema:

"Bado upo tu, Mnyamwezi? Mimi nina hamu ya pilau."

"Nakungoja wewe utangulie ukanifagilie njia, Mzaramo," Bibi anajibu. "Nyie si ndio wapagazi?"

"Wapagazi ni nyie! Sisi tulikuwa tunawahesabu." Anaugonga mchago kwa vidole. "Ukifa tu, nalala humu. Sitoki mpaka wanipe kuku mzima na mapaja yake."

"Kitakuangusha."

"Kitaniangushaje? Kimekubeba wewe na fitina zako zote."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza chini ya kicheko, na krrr ilikuwa imenyamaza, kama na yenyewe inasikiliza.

Nikaamua kumrudishia. Mtu akichukuliwa kitu chake, si unamrudishia? Asubuhi nikawahi kabla ya ufagio wa Mama. Nikauzoa unga wote kwa kipande cha karatasi, nikausubiri uji wa Bibi upoe kidogo, nikaumimina ule unga humo, nikakoroga. Nilikoroga kwa makini sana na nikasoma bismillahi, na Alhamdu yote. Nikampelekea.

Bibi wakati huo alikuwa anakula vijiko vichache tu kwa kumridhisha mpishi. Akaweka kimoja mdomoni. Uji hautafunwi, lakini yeye alitafuna. Akazungusha ulimi, akafumba macho, akakitazama kijiko, akanitazama.

"Mke mwenzangu. Umetia nini humu?"

"Wewe," nikasema.

"Mimi?"

"Unga wako. Kitanda kinakusaga. Nimekurudishia."

Nilijua atacheka au atalia, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Hakufanya lolote. Aliweka kijiko cha pili mdomoni, kidogo tu, kwenye ncha ya ulimi, jinsi nilivyomwona Baba akifanya anapochagua mbao. Mafundi wa kwetu hulamba. Mkora una uchungu unaobaki kooni. Moyo wa mninga, ile sehemu nyekundu ya ndani, unakausha ulimi kama chai iliyolala. Lakini ule weupe wake, ile mbao changa ya pembeni karibu na ganda, una utamu wa mbali, kama mhogo mbichi. Babu alimfundisha Bibi hayo walipokuwa wanaoana, kwa sababu hawakuwa na cha kuzungumza.

"Mwite baba yako," akasema.

Baba akaja na maranda yake kichwani. "Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Haji, huu mfumbati ulioniwekea ni mti gani?"

"Mninga, mama."

"Mninga upi?"

Baba akaangalia uso wa kwenye vinia kana kwamba utamsaidia. "Mninga ni mninga, mama."

"Baba yako alikuwa anawaambia hivyo wateja asiowapenda."

Halafu Baba akaanza kusema haraka haraka. Kwamba siku ile mbao nzuri ilikuwa imeshakatiwa kabati la mteja wa Kanyenye, harusi yenyewe iko mlangoni. Kwamba ilibaki hii, yenye weupe upande mmoja, akasema kwa nyumbani itafaa, akaifunika na vinia. Kwamba wadudu hupenda ule weupe, lakini alidhani gundi itawazuia. Alikuwa mtu mzima, ana ndevu, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunja chungu.

"Nitautoa leo hii, mama. Nikuwekee mwingine."

"Uache. Mimi na huyu tumeshazoeana." Bibi akajilaza. Akageuza uso. "Zai, kaoshe bakuli."

Nilikwenda mpaka nyuma ya pazia, hapo hapo. Nilimsikia Bibi anaongea taratibu, Baba anasema "mama, jamani, mama," na Mama yangu, aliyekuwa mlangoni, akasema kwa sauti ya kukatika, "Usijichurie mama, tafadhali." Nikasikia ya mwisho tu: "Zisiwe na weupe. Hata wa ukucha. Na huyu mtoto aende akazikague, maana wewe sikuamini tena."

Basi! Nilirukaruka huko nyuma ya pazia. Bibi ameagiza kitanda kipya, kisicho na meno, na mkaguzi ni mimi.

Siku ya kwenda kwa Mzee Mwinjuma wingu lilikuwa limekaa chini, jeusi, na joto limebana mpaka kuku walikuwa wamepanua midomo. Yadi yake ya mbao ilikuwa na giza lake. Mbao zimesimamishwa pande zote kama watu wanaongoja kuitwa majina, na kwenye magogo ya mninga ambayo hayajapasuliwa kulikuwa na michirizi myekundu iliyoganda. Mti ule ukikatwa hutoa utomvu mwekundu. Anayejua anajua. Mimi nilipishana na yale magogo kwa ubavu, mikono nimeificha.

"Aah, Wanyamwezi hao!" Mzee Mwinjuma akapaza sauti. "Leo nani kafa kwenu mpaka mje wawili wawili?"

Baba hakumjibu. Akamsogelea, akamnong'oneza. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuliona: Mzee Mwinjuma aliacha utani. Alivua kofia. Akamshika Baba bega, akaliachia. Halafu akaingia mwenyewe ndani kabisa ya yadi, hakumtuma mtu, tukasikia anapindua mbao, anakohoa, anapindua.

Alitoa zilizokuwa nzuri. Baba alizipokea mojamoja, akazigonga na kusikiliza, akazitazama kwa ncha kama mtu anayelenga bunduki kuona kama zimepinda. Kisha akanishushia mimi. Nilitazama kila ukingo nikitafuta weupe. Nililamba. Ulimi ukikauka, nasema "huu moyo." Ukipata utamu, natikisa kichwa, na Baba anairudisha bila kubishana. Sijawahi kuheshimiwa hivyo tena, hata nilipokuwa monita.

Ya mwisho ilikuwa imekaa chini ya magogo. Upande mmoja ulikuwa mwekundu mzuri. Upande wa pili ulikuwa umefunikwa na utomvu ulioganda, mzito, mweusi kama kidonda cha zamani, huwezi kuona chini yake kuna nini. Nikainama kulamba. Nikasita. Na wakati nimesita, tone la kwanza la mvua likanipiga shingoni, yakafuata mengine, na bati la yadi likaanza kunguruma.

"Baba, hii bado."

"Inatosha, Zai. Tunalowa."

"Bado sijai..."

"Nimesema inatosha."

Tukakimbia.

Jioni ile Baba alifunga milango ya karakana, kitu ambacho hakuwa akifanya kungali na mwanga, akaanza kukata. Nilichungulia. Alikuwa anazikata fupi. Fupi sana. Nikaingia nikasimama pembeni ya moja, ikanifika kifuani.

"Baba, mbona fupi?"

"Ndivyo zinavyotakiwa."

Nilirudi nyuma nikakaa kwenye maranda. Nilikuwa nimeelewa. Baba amepiga hesabu. Ameshaona Bibi ataendelea kupungua, na anamtengenezea kitanda cha kumtosha Bibi atakayebaki. Bibi wa urefu wa kifua changu. Nilijaribu kumfikiria, amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu haifiki chini, ananiita mke mwenzangu kwa sauti ya kitoto. Nikajisemea, haya, si mbaya, nitambeba mgongoni.

Zile mbao zililetwa chumbani, Bibi akazipitishia mkono, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepapasa vitambaa dukani. Alizinusa. Moja akailamba, akanikonyeza.

"Ndizo zote hizi?"

"Imebaki moja," Baba akasema. "Imelowa. Inakauka karakana."

"Huyu kaikagua?"

Nikafungua mdomo. Baba akanitazama. Hakunikazia macho. Alikuwa ananiomba, na mtoto akiombwa na baba yake hivyo hajui afanye nini na mdomo wake.

"Kaikagua," akasema Baba.

Bibi akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Chini yake, krrr, krrr, ikaendelea na kazi.

Alikufa kesho yake asubuhi, Mama akimfunga kilemba. Sikuona. Niliona tu nyumba imejaa viatu. Wanawake walinishika shika kichwani na wote walinukia udi. Kisha wanaume wakatoka na jeneza la msikitini, limefunikwa kanga na lile guo la kijani, na nyuma yao vijana wakafuata wamebeba begani zile mbao fupi. Kitanda kipya cha Bibi, kimetoka kabla hakijaunganishwa, hakina hata tendegu moja.

"Baba!" nikapiga kelele. "Mmesahau kukipiga misumari!"

Mama akanikamata kiunoni. Aliniambia hapo hapo, kwa maneno machache, mdomo wake kwenye sikio langu: kwamba kaburini kuna mwanandani, kijumba kidogo ubavuni mwa shimo, na Bibi anawekwa humo, na zile mbao zinapangwa kumkinga ili udongo usimwangukie. Kwamba Bibi alizitaka mwenyewe. Watu wengi huwekewa mabanzi yoyote yaliyopo, lakini yeye alikuwa mke wa fundi.

Nikahesabu kimoyomoyo mbao zinazotoka mlangoni. Ile ya mwisho ilikuwamo. Upande mwekundu ndio uliotazama juu.

Walirudi mchana. Chai ikawekwa, wanaume wakakaa barazani, na hapo Mzee Mwinjuma akaja kutimiza wajibu wake. Mtani asipofanya fujo msibani ni kama hakuja. Alipita katikati ya wanawake bila hodi, akaingia chumbani kwa Bibi, akavua viatu.

"Nimekufa!" akatangaza. "Mimi ndiye Mnyamwezi mwenyewe! Nataka kuku!" Akajitupa kitandani.

Wanawake, waliokuwa wanalia, wakaanza kucheka huku wanalia. "Toka, Mzaramo wewe! Toka kitandani kwa watu!" "Sitoki! Mapaja ya kuku yako wapi?" Akajigeuza kwa kishindo.

Mfumbati ukavunjika.

Haukulia kama mbao. Mbao hulia ta! Ule ulifanya hhhh, kama mtu anayeshusha pumzi, na Mzee Mwinjuma akatoweka, miguu juu, na unga ukapanda hewani, mwingi, mweupe, ukajaa chumba chote mpaka hatukuonana. Mtu akapiga kelele. Nadhani ni mimi. Ulitulia polepole juu ya vichwa vya watu, juu ya vikombe, juu ya zulia. Mzee Mwinjuma aliketi pale chini, nyusi nyeupe, hacheki, akasema tu, "Aliniambia."

Watu walimwangalia Baba. Alikuwa amesimama mlangoni na udongo wa makaburini bado uko miguuni mwake. Vinia ilikuwa imebaki nzima, imejikunja kama ganda la muwa, na uso wake na macho yaliyotoboka, na nyuma ya uso ule hapakuwa na kitu.

Nilipiga magoti, nikachungulia ndani. Ilikuwa lazima nichungulie, nilikuwa nimekuja kumchukua Bibi. Kulikuwa na funza wadogo, wanene, weupe, wamejikunja kama punje za wali uliolala, wakigeuka kwa sababu ya mwanga. Basi. Hao tu ndio waliokuwa wanakula, na walichokula ni mbao. Niliwatazama muda mrefu. Ningefurahi kama ningemkuta.

Jana nilipotoka shule sikubadilisha hata sare. Nilipitia karakana. Baba siku hizi nywele zake ziko rangi moja na maranda, huwezi kujua kipi ni kipi. Alikuwa anapiga msasa ubao wa kabati.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefukuzwa tena?"

"Nimetolewa nje tu. Baba, wale wadudu, wanaishi ardhini?"

"Wadudu gani?"

"Wa kwenye weupe."

Msasa ukapunguza mwendo.

"Ile mbao ya mwisho," nikasema. "Iliyolowa. Mimi sikuilamba. Wewe uliikwangua ule utomvu, ukaangalia chini yake?"

Nje jua lilikuwa linaelekea magharibi, na mtu alikuwa anapita na baiskeli akipiga kengele. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Niliikwangua."

"Ukaona nini?"

Baba akageuza msasa upande ambao haujatumika, akaurudisha pale pale ubaoni, mahali palipokuwa pameshalainika zamani, akaendelea kupiga.